Bunduki Zilizokuwa Bubu

Hodan, aabo,

Hooyo yako amekwisha kukufungashia kila kitu: chandarua, mafuta ya simsim, mkebe wa nyama ya nyirinyiri iliyokaushwa, na maonyo yote ambayo mama humpa binti anayekwenda kulala mahali asikomjua jirani. Kuhusu maji ya kuchemsha, milango ya kufunga na watu wa kutowafungulia, msikilize yeye. Mimi baba yako, ninayekuita aabo kama unavyoniita, nakuandikia jambo moja tu, ambalo hakuna aliyekuambia katika nyumba hii, na ambalo mtu mwingine atakuambia huko Ijara kabla hujazoea kitanda chako, tena kwa ubaya. Nataka ulisikie kwangu kwanza.

Ulipoleta barua ya ajira ukiruka sebuleni, ukisema, "Aabo, wamenipa kituo cha afya Ijara!" mimi niliinuka nikaenda msikitini, na wakati wa swala haukuwa umefika. Ulilia. Nilikusikia dirishani ukimwambia hooyo kwamba baba anayepigana magazetini ili wasichana wa watu wasome hataki wa kwake afanye kazi mbali na nyumbani. Nikakuacha uamini hivyo, kwa sababu uongo huo ulinifaa kuliko ukweli. Tangu siku hiyo tumekuwa tukipishana humu ndani kama wapangaji.

Ukweli ni huu. Kuna mtu wa huko Ijara aliyeuawa kwa risasi niliyoitengeneza kwa mikono yangu, katika chumba kile cha nyuma ulichokuwa ukikiita duka la dhahabu. Aliitwa Noor. Mama yake yu hai, na kituo unachokwenda kufanyia kazi ndicho anachokwenda kupimwa presha.

Ukitaka kuiweka barua chini hapo, iweke. Lakini nimeishi kwa maneno, na najua kwamba sentensi kama hiyo ikiachwa peke yake hudanganya karibu sawa na kimya. Kwa hiyo nitakueleza ilivyokuwa. Nitajitahidi nisijitetee. Unanijua: kujitetea ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Unakikumbuka chumba. Kabati la chuma lenye kufuli mbili, bunduki tatu ndani yake, kila moja na cheti chake, na afisa wa polisi aliyekuja kuzikagua akinywa chai yetu ya tangawizi na kutafuta kosa asilipate. Meza nzito kando ya ukuta, na mashine ndogo ya mkono iliyofungwa juu yake. Wewe uliketi sakafuni ukipanga maganda matupu ya shaba, yanayong'aa upande huu, yaliyofifia upande ule, ukiyauza kwa bei ya kifalme kwa paka.

Watu waliniuliza mwalimu wa historia anataka nini na bunduki. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa tamu. Bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa mjane wa mkulima mmoja mzungu kule nyanda za juu. Ilikuwa ya aina ile ile waliyobeba askari wa Mwingereza walipokuja kutuhesabu na kutufungia njia katika nchi hii ya ukame. Nilitaka kuishika historia mkononi, niijue uzito. Halafu kulikuwa na jambo la pili, nililolisema kwa sauti kubwa zaidi. Mtu tajiri wa Nairobi akiwa na bunduki kumi za zamani ukutani, anaitwa mpenzi wa vitu vya kale. Msomali wa Garissa akiwa na moja yenye cheti, anaitwa shifta, jambazi wa porini. Niliandika makala juu ya hilo, makala kali. Wahariri waliipenda, polisi wakanichukia, na mimi nikalala vizuri.

Nilikuwa na haki, Hodan. Hadi leo nasema nilikuwa na haki. Na ndiyo sababu sikujishuku hata siku moja. Mtu mwenye kosa hujiuliza maswali akiwa kitandani, lakini mtu mwenye haki husinzia. Jihadhari na nafsi yako hasa pale unapokuwa umeonewa kweli, kwa maana hapo hakuna atakayethubutu kukuuliza unakwenda wapi.

Mmoja alithubutu. Unamkumbuka mwalimu Mutiso wa fizikia, Mkamba yule aliyekuja kwetu kila Idi akala pilau kuliko wenye Idi. Alikuwa akiketi katika kile chumba na kunidhihaki.

"Farah, ndugu yangu, kwetu Machakos mtu akikosa kazi ya jioni hufuga njiwa."

"Njiwa hawana historia," nilimjibu.

"Lakini wana supu. Na wewe, hata ukinunua darubini ya kutazamia nyota, wataandika kwamba Msomali amepata mzinga."

"Basi waandike! Mimi pia nina kalamu."

Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Sikujua wakati huo kwamba yeye ndiye angeona jambo hilo kabla yangu.

Bunduki ile ya mjane ilikuwa ya zamani mno. Risasi zake hazikuuzwa tena dukani, si Garissa wala Nairobi. Ningeweza kuiacha ikae kabatini kama saa iliyokufa. Lakini nilijua kwamba wapo watu wanaojaza risasi zao wenyewe: huchukua ganda lililokwisha kupigwa, hulisafisha, hulinyoosha, kisha hulitia fataki mpya, baruti na kichwa, likawa zima tena. Nikaomba kibali, nikazungushwa ofisini hadi viatu vikaisha, nikakipata. Nikajifunza polepole. Nisikufiche, aabo: sijawahi kupata raha kama ile. Siyo ndoa, siyo uandishi, Mungu anisamehe. Ukishafoka siku nzima na watu wasiosikia, kisha unaketi mahali ambapo ukipima sawasawa kitu kinatii, na usipopima hakitii, unahisi kama ulimwengu una adabu. Risasi yangu ya kwanza iliyolia kwenye uwanja wa shabaha ilinifanya nicheke kama mtoto.

Sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Unajua, kama kila mtu wa huku anavyojua bila kusema, kwamba katika miji ya wafugaji kulikuwa na bunduki za mababu. Zilifukiwa wakati wa ile hali ya hatari, askari walipokuwa wakizisaka, wengine wakazificha katika paa za manyasi, wengine wakazizungushia gunia na mafuta ya ngamia na kuzipeleka kokote walikohama. Hazikuwa na cheti. Hazikuwa na risasi pia, kwa miaka na miaka. Zilikuwa bubu. Ukoo ulizibeba kama mtu anavyobeba fimbo ya marehemu baba yake.

Na kwa kuwa zilikuwa bubu, zilikuwa na kazi yao. Koo mbili zikigombana kisimani, wazee wa huku wangezitoa na wazee wa kule wangezitoa. Zingeelekezwa, watu wangetukanana mpaka vizazi saba, mtu angepiga hatua mbele kuonyesha kifua, mwingine angemshika. Kisha wote wangechoka na jua na kukaa chini kuzungumza. Kila mtu alijua hazilii. Ilikuwa njia ya kukasirika bila kuzika mtu. Mimi nimesoma vitabu vingi kuhusu vita na amani, na sijakuta mkataba ulioandikwa vizuri kuliko ule ambao haukuandikwa.

Bunduki hizo nyingi zilikuwa ndugu wa ile ya mjane. Risasi iliyoingia hii iliingia na zile.

Wa kwanza kuniletea alikuwa Mzee Gedi, jamaa wa mbali wa hooyo yako. Aliingia na gunia begani akasema ni mtama. Mutiso alikuwa ameketi pale na kikombe chake.

"Mzee, mtama wako umesimama wima," Mutiso akamwambia.

"Mwalimu, huyu ni babu," Mzee Gedi akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, akilifungua gunia kwa upole. "Wewe amkia kwanza. Baadaye uliza."

Nilipoiona, Hodan, nilisahau sheria, cheti, afisa na chai yake. Kitako kilikuwa kimefungwa ngozi ya ngamia mahali kilipopasuka. Alama ya kiwanda bado ilisomeka. Niliisafisha mpaka jasho likanitoka, mzee akinitazama kama mtu anayetazama daktari na mzazi wake. Mwishoni akasema hana haja nyingine, ila angependa, kabla hajafa, kusikia sauti ya babu mara moja tu.

Nikampa risasi. Si moja. Zilikuwa chache, lakini hazikuwa moja.

Mutiso alingoja mzee aondoke. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mimi sijaona kitu, na nikiulizwa sijaona kitu. Lakini Farah, ile ilikuwa kijiti. Sasa ni nini?"

Nilimjibu kwa hotuba. Nilimwambia juu ya urithi uliozikwa, juu ya watu walionyang'anywa hata kumbukumbu zao, juu ya serikali inayowagawia askari wa akiba bunduki mwaka huu na kuwanyang'anya mwaka ujao, ikituacha na majangili. Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata neno moja lililojibu swali lake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, mwalimu wa historia," akachukua kofia yake. Baada ya siku hiyo alikuja Idi tu.

Mzee Gedi alisimulia, bila shaka. Sauti ya babu si jambo la kunyamaziwa. Wakaja wengine na mtama wao. Nilizipokea zote, nikazisafisha zote, na kila moja iliondoka na risasi chache, chakula kama tulivyoziita. Nilijiambia kwamba mimi ni mkusanyaji; kwamba zile zilizo kwa wenyewe nazo ni sehemu ya mkusanyiko wangu, ila zinalala nyumba nyingine. Hebu ona jinsi akili iliyosoma inavyoweza kulikunja neno hadi liingie mfukoni.

Kisha ukaja ukame ule, wewe ulipokuwa bwenini, kidato cha tatu. Utakumbuka hatukuja siku ya wazazi. Ngamia walikuwa wakifa wakiwa wamesimama. Bare, mwana wa adeer yangu, ndugu ya baba, alikuja kutoka upande wa Ijara na vumbi hadi kwenye kope. Unamjua Bare, hawezi kuomba maji bila kutia mzaha.

"Warya, Farah! Wewe unanenepa na sisi tunafanana na kuni. Nipe hizo bunduki zako tatu nikulindie ngamia ambao wewe huna."

Nikasimama. Nikampa somo la uraia. Nikamwambia bunduki zangu zina vyeti, zina sheria, sizitoi kwa ugomvi wa koo, kwamba mimi siyo kamanda wa mtu, kwamba mambo haya ya ukoo kubebana katika upumbavu ndiyo yaliyotuweka nyuma. Nilisema vizuri sana. Bare alingoja kwa adabu, akinywa chai.

"Haye. Zako zilale na vyeti vyao. Sikuja kwa hizo. Nipe chakula cha wale wazee. Fisi wanamaliza ndama."

Kwenye rafu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa risasi. Nililiteremsha, nikampa.

Wallahi nilijua. Sitakuambia sikujua. Fisi hawapigwi kwa kopo zima. Lakini nilikuwa nimekwisha kukataa jambo kubwa kwa maneno mazuri, na mtu aliyekataa jambo kubwa hujisikia huru kutoa jambo dogo. Pia Bare, alipokuwa akilifunga kopo katika kikoi chake, alisema, "Wanasema risasi yako haikatai kulia, ina adeer wa kuisimamia," na uso wangu ukapata joto kama wa msichana aliyesifiwa nywele.

Lililotokea kisimani nilisimuliwa na wengi, na wote wanakubaliana, jambo ambalo ni nadra. Ilikuwa zamu ya watu wa Noor kunywesha. Wetu walifika na ngamia waliokuwa hawawezi kungoja, wakadai zamu. Maneno yakapanda. Wetu wakazitoa za babu, kama kawaida. Wakazielekeza, kama kawaida. Noor alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, na mcheshi. Alikuwa Bare wao, kwa kifupi. Alizitazama zile bunduki akacheka.

"Hizo fimbo? Babu yangu aliziogopa. Mimi nilichezea kama hizo utotoni."

Akapiga hatua mbele kuonyesha kifua, kwa sababu ndivyo ilivyofanywa siku zote, na kwa sababu alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba hazilii.

Wa kwao hawakuambiwa kwamba zimepewa sauti. Nani angewaambia?

Bare alinipigia simu akiwa anakimbia, nasikia pumzi yake na mbuzi na mwanamke anayelia mbali. Alisema mtu amekufa. Alisema wako njiani kuwaondoa wanawake na watoto. Kisha akasema, sijui kwa nini, labda kwa kuwa hakujua aseme nini kwa mtu kama mimi, "Hata moja haikukataa."

Na hapa, aabo, ndipo nilitaka kukufikisha, kwa sababu mengine yote utayasikia kwa wengine lakini hili hakuna anayelijua. Kabla sijaelewa kwamba mtu amekufa, kabla ya hofu, kabla ya aibu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nilifurahi. Risasi zangu zilikuwa zimelia zote. Kazi ilikuwa safi. Nimeitafuta furaha hiyo tangu siku ile ili niinyonge, na kila nikiifikia naikuta inafanana nami.

Hakuna mwingine aliyekufa katika ugomvi huo, kwa sababu wazee waliingia kati mapema. Koo zilikaa katika ua wa ghala la mfanyabiashara mmoja hapa mjini, juu ya mikeka, siku baada ya siku. Nilikwenda. Siku ya kwanza nilifungua kinywa, na msemaji wa upande wa Noor akanikata bila kuinua sauti.

"Mwalimu, maneno yako tunayasoma gazetini. Leo tuazime masikio."

Watu wetu wenyewe walicheka. Nikakaa.

Nilijaribu jambo moja nililoliona la heshima: nilimwendea msemaji wetu kando nikamwambia kwamba mag, fidia ya damu ya Noor, nitailipa mimi peke yangu, niuze nyumba, niuze gari. Alinitazama kwa huruma. "Ukilipa peke yako umejitenga," akasema. "Aliyejitenga nani atamzika?" Basi ukoo ukalipa, kama ulivyolipa siku zote. Ngamia walitolewa nyumba hadi nyumba. Mjane mmoja wa mtaa wa Iftin, ambaye hakuwahi kuiona bunduki ya babu wala ya mzungu, alitoa ngamia jike mwenye maziwa ambaye wanawe walimtegemea, kwa sababu mimi nilipenda kuchezea shaba jioni. Mimi, Hodan, niliyeandika miaka yote dhidi ya serikali kuadhibu mtaa mzima kwa kosa la mtu mmoja! Mtaa mzima uliadhibiwa kwa kosa langu, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya kivuli chake, nimepoa.

Kesi ya polisi ilikufa, kama zinavyokufa kesi ambazo wazee wamezimaliza. Nilizipeleka bunduki tatu kituoni, nikakirudisha kibali, mashine nikaiuza kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Ulipofunga shule ukauliza duka la dhahabu limekwenda wapi, nikakuambia baba amechoka. Ulinuna likizo nzima, maana nilikuwa nimekuahidi ile bunduki fupi utakapotimiza umri. Uliniambia, "Aabo, wewe unawaogopa polisi." Nikaitikia kwa kichwa, nikakubali kuwa mwoga kwa sababu hiyo, ili nisijulikane ni mwoga kwa nyingine.

Ile nyingine ni hii. Siku ya mwisho ya kikao, wanawake hawakuwa ndani, kama unavyojua. Mama yake Noor alikuwa nje ya geti na jamaa zake. Alimtuma kaka yake aingie na ombi moja. Kaka akasimama, akasema: "Dada yangu hataki kuongeza wala kupunguza. Anauliza tu, aliyezipa sauti ni yupi? Anataka kumwona uso."

Wazee wakanong'onezana, kisha msemaji, yule yule wa kwao, akatoa jibu: jambo hili ni la ukoo na ukoo, halina uso. Limelipwa, limefungwa. Atakayelifukua amevunja mkataba.

Nilikuwa nimeketi hatua chache kutoka getini. Ningeinuka tu. Hakuna aliyenishika. Nilikaa juu ya mkeka nikiitazama miguu yangu, nikawashukuru wazee moyoni, mimi niliyewaita wazee hao hao masalia ya kale katika makala zisizohesabika. Nilisikia viatu vyake vikiondoka kwenye changarawe.

Sasa ukiuliza kwa nini nilinyamaza ulipoleta barua ya ajira, jibu ni hilo. Nilifanya baya zaidi ya kunyamaza. Nilichukua simu ili nimpigie mtu ninayemjua katika ofisi ya afya ya kaunti, akubadilishie kituo kimyakimya, usijue kamwe. Hooyo yako aliniona nikitafuta namba. Hajawahi kunisema juu ya lile jambo, miaka yote, hata neno. Lakini siku hiyo alisema, "Ulijificha nyuma ya ngamia wa watu. Sasa unataka kujificha nyuma ya meza ya ofisi?" Nikaiweka simu.

Huko Ijara hawanijui kwa makala. Wananijua kwa jina la utani lililovuja baada ya kikao kile, kama tunavyojuana sote: Farah Rasaas, Farah wa risasi. Watakuuliza wewe ni wa nani, maana hakuna anayekubali kudungwa sindano huku kabla ya kujua anayemdunga ni wa nani, nawe utataja jina lako, langu, na la babu yako, na chumba kitanyamaza. Nisingependa usimame katika kimya hicho bila kujua kimetoka wapi. Usijibadilishe jina. Usinitetee, umerithi ulimi wangu na najua utawashwa. Usiwaombe msamaha kwa niaba yangu pia, hukufanya kitu na huna cha kurudisha. Ukimkuta yule mama kwenye benchi, na akaukataa mkono wako, mwite mwenzako ampime, wewe utoke nje bila kinyongo. Presha yake ni halali yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo haliwezi kupangwa kwa ushauri. Umefanana nami, aabo. Kila mtu anasema: paji hili, macho haya yaliyozama, hata namna ya kuinua kidevu unaposikiliza. Yule mama aliomba kuuona uso wangu, nami nikaunyima. Nikikuacha uende peke yako, atauona kwako. Uso nilioubana chini kwenye mkeka ndio utakaoinama juu ya mkono wake na kumfunga kile kitambaa cha kipimo. Nimeyavumilia mengi yangu. Hilo siwezi.

Jana nilikwenda Iftin kwa msemaji wetu nikamwambia nakwenda kwa mama yake Noor, nisimame mbele yake, aniangalie kadiri atakavyo. Alikasirika. Alisema jambo limefungwa, kwamba naweza kuamsha vijana wa pande zote mbili, kwamba nina kiburi hata katika kutubu. Labda ni kweli. Ananijua tangu utoto. Nilimwambia sitaomba msamaha, sitatoa maelezo, sitafungua kinywa asiponiuliza. Mwishoni akasema, "Ukienda, umeenda peke yako. Lolote likikupata, usituite." Nikamjibu ndivyo inavyonipasa. Kisha nikampigia kaka yake yule mama, yule aliyesimama uani. Akasema, "Njoo mchana, watu wakiona." Hakuongeza neno. Sijui ananingojea nini, nami sikumuuliza.

Kwa hiyo nitaenda, na nitatangulia kufika mlangoni kwake kabla wewe hujavaa sare. Hilo sikuombi ruhusa. Ninachokuomba ni kingine. Kuna gari moja tu kila asubuhi, na kiti nilichokikatia tiketi katika la kesho kiko kando ya chako. Ukiona huwezi kuketi na mimi baada ya kuyasoma haya, mwambie hooyo tu, usijisumbue kunitafuta. Nitangoja la kesho kutwa, ambalo bado litanifikisha kabla hujaanza kazi, nawe hutaniona ukipanda. Na ukiona huwezi kwenda Ijara kabisa, mizigo ibaki ilipo. Nitapiga simu ile ofisini mchana kweupe, kwa jina langu kamili, niwaeleze mwenyewe ni kwa nini binti yangu hawezi kufanya kazi mahali pale.

Baba yako,
Farah